Niweke, nisiweke? Jibu kwa binti wa Langoni

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, ila nimeolewa Malindi na ndiko ninakofanya kazi. Baba yetu alifariki akaacha nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, huko huko Lamu. Sisi ni wasichana watatu, hatuna ndugu wa kiume, na mama yuko hai. Funguo na karatasi za nyumba zilichukuliwa na ami yetu, mdogo wake marehemu. Sasa tumepata habari kwamba ami amepokea arubuni kutoka kwa mgeni anayetaka kuinunua, na hakuna aliyetuuliza. Nimeandika kisa chote kwenye simu, kama kurasa nne, nimekutumia usome. Nilitaka kukiposti kwenye grupu ya watu wa Lamu huko Facebook. Kila nikitaka kubonyeza, mkono unasita. Mume wangu anasema nisithubutu. Rafiki yangu niliyemtumia anasema nikinyamaza ni woga, na kwamba watu kama ami hutegemea haya yetu sisi wanawake. Nimefikiria pia nitoe majina, nifumbe tu. Yote niliyoandika ni kweli. Niweke, nisiweke?

JIBU: Waaleikumu salaam, dada yangu, na pole sana kwa msiba.

Usiweke. Nimelitanguliza jibu ili haya yanayofuata uyasome kwa utulivu. Lakini sababu yangu si ya mume wako, kwani "usithubutu" ni amri tu, haikuelezi kitu. Wala si haya. Rafiki yako amesema jambo la kweli: wapo wanaume ambao mali yote waliyoikalia wameikalia kwa kujua kwamba dada zao na watoto wa kaka zao wataona aibu kusema. Sitaki jibu langu liwe mto mwingine wa kuwalaza watu hao.

Nimezisoma kurasa zako kama ninavyosoma makala inayoletwa mezani kwangu, kalamu mkononi. Tuanze na hilo la "yote ni kweli". Ukurasa wa tatu umeandika: "Ami hana haki ya hata jiwe moja katika nyumba ile." Mimi si kadhi, lakini hesabu hii tumeisoma chuoni, madrasa, na bila shaka wewe pia. Marehemu ameacha mjane na mabinti watatu, hana mtoto wa kiume. Mjane ana thumni. Mabinti wakiwa wawili au zaidi wana thuluthi mbili. Igawe nyumba mafungu 24: mama yenu anachukua 3, nyinyi watatu mnachukua 16. Yanabaki 5. Kama babu na bibi yenu wazaa baba walishatangulia, na ami ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na marehemu, basi hayo 5 ni yake yeye pamoja na shangazi yenu, mwanamume mawili kwa moja la mwanamke.

Kwa hiyo ami anayo haki katika nyumba ile. Ni ndogo, lakini anayo. Asichokuwa nacho ni haki ya kuuza mafungu ya watu watano wengine bila kuwauliza, na hilo peke yake linatosha kabisa kusimamia kesi. Umetaka kulizidisha, ukaliharibu. Mtu wa kwanza kukomenti namjua bila kumjua: kila grupu ina ustadhi wake. Angeandika mstari mmoja tu, "Dada, ami ni asaba, rudi chuoni," yaani ni mrithi wa kinachobaki, na komenti mia zinazofuata zingekuwa juu ya elimu yako ya mirathi. Nyumba ingesahauliwa kabla ya magharibi.

Sentensi ya pili iko ukurasa huohuo wa tatu: "Anayesimama safu ya kwanza msikitini ndiye mwizi wa mali ya mayatima." Hapo nimekukubali. Ina mizani, ina makali, na kama kazi yangu ingekuwa kukutafutia wasomaji ningeifanya kichwa cha habari. Ndiyo sentensi bora katika kurasa zote nne na ndiyo itakayokuponza. Kwanza, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na mdogo wenu, kwa maelezo yako mwenyewe, ana watoto wawili. Pili, neno mwizi.

Watu siku hizi husema huwezi kufungwa kwa kumkashifu mtu. Ni kweli kwa kiasi fulani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashifa kuwa jinai, kuwa kinapingana na Katiba. Lakini kesi ya madai ipo palepale, chini ya Sheria ya Kashifa, Sura ya 36. Sheria hiyo inasema ukiandika kwamba mtu ametenda kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, fidia haitakuwa chini ya Sh400,000. Wizi wa kawaida katika Kanuni ya Adhabu ni miaka 3. Hayo ni malipo ya neno moja, na bado hatujafika kwa wakili wake na gharama za kesi. Ukweli ni kinga, naam, ila mwenye kazi ya kuuthibitisha ni wewe uliyeandika. Na mkononi una nini? Umeandika "tumepata habari". Habari hiyo imetoka kwa nani? Umeuona mkataba, umeiona risiti ya arubuni? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Muda wa kushtaki kashifa ni miezi 12 tangu maneno kutolewa, kwa hivyo ami hata haraka hana. Anaweza kukaa kimya wiki zote ambazo watu wanakusifu kwa ujasiri, kisha akakuletea barua.

Sasa nitakwambia kwa lugha ya nyumba, kwa kuwa umekulia katika nyumba ya mawe. Mgeni hukaribishwa barazani, nje. Mwenye shughuli huingizwa dakani, ukumbi mdogo wa mlangoni. Akipita hapo kuna tekani, pa kuingilia ndani, na njia imepindwa makusudi ili aliye mlangoni asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Huko ndani kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, hafiki ila aliye wenu. Waliojenga vile walijua kwamba si kila anayebisha hodi amekuja kwa nyumba nzima. Chukua kurasa zako, uzipitie sentensi moja moja, pembeni uandike: hii ya barazani, hii ya dakani, hii ya ndani.

Mimi nimejaribu. Kwamba baba amefariki na mirathi haijagawanywa: baraza, mji mzima unajua. Kwamba yuko mnunuzi: daka, ni kwa wanaohusika. Kwamba mama ana sukari, na siku aliposikia habari alianguka jikoni, wajukuu wakamwinua nguo zikiwa zimelowa: hiyo ni ndani, dada yangu, ndani kabisa. Uliiandika ili watu waone ami amefanya nini. Watakachokiona ni mama yako sakafuni. Kesho akienda harusini, akienda hitimani, wanawake watamtazama kwa macho hayo. Ulimuuliza? Na kwamba shangazi aliachwa kwa talaka ya pili na ndiyo sababu "hana sauti mbele ya ami": hiyo nayo ni ya ndani, ila si ndani kwako. Ni kwake, nawe umemfungulia mlango. Tena shangazi ni mrithi mwenzenu, na huenda ndiye shahidi mnayemhitaji kuliko wote. Nikitoa ya ndani na ya dakani, katika kurasa nne inabaki mistari isiyofika kumi, na mistari hiyo mji umeshaisikia.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Jiulize: ni nani hasa akisoma, nyumba haitauzwa? Grupu ile ina watu wa Lamu walioko Mombasa, Nairobi, Jeddah, Dubai. Watasema Subhanallah, watasema pole dada, watatia alama za machozi, na wachache watakupigia simu wakitaka yale uliyoyaacha. Hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kuzuia saini. Mwenye uwezo huo ni mnunuzi, naye ni mgeni, Kiswahili hasomi, na grupuni hayumo. Umeandika kurasa nne kwa kila mtu isipokuwa yule mmoja ambaye ulitaka asimame.

Barua ya nusu ukurasa kutoka kwa wakili, kwa lugha anayoijua, inayosema kwamba warithi wa nyumba hii ni sita na aliyekuahidi ni mmoja wao, itafanya kazi ambayo chapisho haliwezi. Mnunuzi mwenye akili hatoi fedha zilizobaki akiwa na barua kama hiyo mkononi. Na kama nyumba ina hati iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye maslahi katika ardhi kuomba zuio liandikwe kwenye rejista. Zuio likishaandikwa, maadamu lipo, msajili hasajili uhamisho unaopingana nalo bila ridhaa ya aliyeliweka au amri ya mahakama. Ila ulifanye kimya kimya. Ukiposti leo, ami anajua leo unachokijua na, kibaya zaidi, usichokijua. Ataona hujataja namba ya hati, ataelewa huna nakala, na kesho asubuhi yuko kwenye mashua ya kwenda Mokowe, bara, kukamilisha mambo yake.

Kuhusu kufumba. Najua, sisi ni watu wa mafumbo; mashairi ya majibizano, kanga, mpaka stetasi za WhatsApp tumezigeuza uwanja wa kurushiana. Lakini fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na Lamu hakuna mjinga wa mambo ya jirani. Ukiandika "kuna ami mmoja na nyumba yenye wikio karibu na msikiti" (wikio ni chumba kinachovuka juu ya kichochoro), umeshataja jina, umebakisha namba ya kitambulisho tu. Sheria nayo haidai jina liandikwe: ikiwa wanaomjua wanaweza kumtambua, imetosha. Fumbo lina hasara nyingine. Linamwezesha ami kusema hakuambiwa yeye, nawe huwezi kumjibu bila kufumbua. Mtapigana gizani mwaka mzima.

Rafiki yako. Umenieleza kwa mkato kwamba ulimtumia, kana kwamba ni jambo dogo. Kwa sheria ya kashifa, kumfikishia mtu mmoja wa tatu ni kuchapisha tayari. (Mume wako hahesabiwi, maneno baina ya mume na mke katika sheria hii tuliyoirithi kwa Waingereza hayahesabiwi kuwa yamechapishwa. Huenda ndiyo faida pekee ya "usithubutu" yake.) Simsemi rafiki yako kwa ubaya, simjui. Nasema tu kwamba maandishi mengi yaliyovuja katika miji yetu hayakupostiwa na mwenyewe, yalitumwa kwa mtu mmoja "usome tu". Mpigie simu, usimwandikie, umwombe afute. Ukikuta bado uko ndani ya saa 60 hivi tangu umtumie, WhatsApp inakuruhusu uufute ujumbe kwa wote. Zikipita hizo unafuta kwako tu, kwake unabaki. Skrinishoti haina dawa.

Na uiondoe Facebook kwenyewe. Kama umeiandika palepale kwenye sanduku la kuposti na simu inakuhifadhia rasimu, unatembea na kiberiti kilichofunguliwa; mtoto akichukua simu kucheza, imekwisha. Nakili, ihamishe kwenye daftari la simu au ujitumie kwa baruapepe, kisha ufute rasimu. Usiyatupe maandishi. Tarehe ulizoziandika, nani alichukua funguo, nani alikuwepo, hayo wakili atayataka, na baada ya mwaka hutayakumbuka kama ulivyoyakumbuka sasa.

Je, ni woga? Ingekuwa woga kama ungefunga simu na usifanye lolote. Wapo watu ambao nimewaambia wachapishe, na wakachapisha. Likiwa jambo la umma, afisi imepewa malalamiko kwa maandishi ikakaa kimya, na wenye kuumia ni wengi, hapo kelele ni sehemu ya kazi. Watu wa Lamu waliopinga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe hawakunong'ona, walipiga kelele miaka. Lakini angalia kilichotokea Juni 2019: jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mradi ule wa megawati 1,050 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kelele ziliwakusanya watu. Leseni iliangushwa na karatasi zilizopelekwa mahali penye mamlaka. Tena bandari, makaa na hewa ni vya kila mtu, hakuna mama wa mtu aliyeanikwa. Yako ni mirathi ya watu sita. Kelele zake zitamfikia kila mtu na hazitamlazimisha yeyote.

Basi fanya hivi. Zungumza kwanza na dada zako na mama, muwe na neno moja. Ukienda peke yako ami atasema ni "huyo wa Malindi" tu. Mwendee shangazi kwa miguu, si kwa simu. Halafu mwandikieni ami barua, nyote mtie saini, fupi, ya heshima, isiyo na neno lolote ambalo mtaona haya kusomewa mbele ya kadhi: tumesikia hivi, tunaomba utuonyeshe karatasi, tunaomba mirathi igawanywe, tunaomba usiuze kabla ya hapo. Mpeni tarehe ya kujibu. Ipelekwe na mzee anayemheshimu, na mbaki na nakala. Wengine watakuambia barua inamwamsha kama posti inavyomwamsha. Ndiyo sababu zuio na barua ya mnunuzi vitangulie, hata kwa siku chache. Kwa hilo mimi siogopi kuonekana mjanja.

Asipojibu, Mahakama ya Kadhi ipo hapo hapo Lamu, na Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa mirathi ya Waislamu kuwa kazi yake. Mtahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Anzeni na hiyo ya chifu, kwa sababu mara nyingi ndipo majina ya mabinti yanapoanguka njiani. Someni alichoandika kabla ya kuondoka afisini.

Nimebakisha kurasa mbili za mwanzo, nami nimezibakisha kwa makusudi. Zinamhusu baba. Ulivyoeleza kwamba kila baada ya mvua alizunguka vyumbani na fimbo akigonga boriti za dari moja moja, ameinamisha sikio, akitafuta mchwa, nanyi watoto mkimfuata nyuma mkigonga kuta kwa vijiti. Na jinsi alivyoipa jina boriti moja iliyokuwa ikilia vibaya. Ami hayumo katika kurasa hizo. Nadhani mkono wako husita kwa sababu ya hizo: ukibonyeza, baba anakwenda sokoni pamoja na arubuni. Zitenge. Zinasimama zenyewe, hazihitaji hata neno kubadilishwa, isipokuwa hiyo aya ya pili ambayo umeeleza mara tatu kwamba alikuwa mpole. Fimbo na sikio vimeshatuambia. Msomee mama. Kuziposti, mngoje mirathi igawanywe, maana sasa hivi lolote utakaloliandika juu ya nyumba ile, hata mchwa wake, litasomwa kama kombora kwa ami. Siku hiyo ikifika na mama akiridhia, niletee mimi kwanza.

La mwisho, kwa sababu barua yako imekaa mezani siku kadhaa na sijui mkono umefanya nini tangu uniandikie. Kama umeshaiweka, ifute, usiihariri. Facebook huweka historia ya mabadiliko, na mtu akiifungua atasoma ulichokibadilisha na ulichokificha. Kabla ya kufuta, piga picha ya chapisho na komenti zake zote pamoja na saa, uhifadhi. Usiandike chapisho la pili la kueleza kwa nini umefuta la kwanza. Usimjibu mtu grupuni, hata anayekutetea. Kisha mpigie mama umweleze mwenyewe ulichoandika juu yake, kabla shangazi hajampigia, na ukimaliza naye tafuta wakili siku hiyohiyo, kwa kuwa ami atakuwa ameshaanza kumtafuta wake.